Mlango Unafunguka Upande Gani

3 Februari

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na hao watoto wako wasioshiba. Mama mfikishie shikamoo yangu na umwambie nakula vizuri, maana najua hilo ndilo swali lake la kwanza. Mimi sijambo, ila kiyoyozi cha huku kimenipa mafua ya kudumu.

Utashangaa kupata karatasi kama tuko enzi za babu. Hapa kazini simu tuliziacha getini siku tuliyofika, na tunalala humu humu. Wanasema gemu likivuja kabla halijatoka, kampuni imekwisha. Barua zinaruhusiwa. Unampa mtu wa ofisini, anabandika stempu, inakwenda. Na wewe niandikie kwa sanduku la posta lililoko nyuma ya bahasha. Mahali penyewe usiniulize. Gari lililotuleta lilikuwa na vioo vya giza, na unajua mimi na gari, likiwashwa tu nasinzia.

Sasa kazi. Natengeneza nyumba za ndani ya kompyuta, zile ambazo mchezaji anaingia na kuzungukazunguka. Kuta naletewa zimeshasimama, mimi natoboa: mlango hapa, dirisha pale. Usicheke. Ukitoboa ovyo, ukuta unabaki mwembamba kama karatasi, na mtu akisimama mlangoni anajua papo hapo kwamba nyumba ni ya uongo. Lazima uonyeshe unene wa tofali, fremu, kizingiti, kila kitu.

Kinachonisumbua ni vipimo. Kote nilikofanya kazi milango ya gemu tunaipanua kupita ya kweli, la sivyo mchezaji anakwamakwama. Bosi wangu wa hapa hataki. Ni mtu mpole, anaongea kama anayemlaza mtoto, tunamwita Bwana Taratibu. Anasema, "Nataka mlango wa kweli. Bega likigonga fremu, ligonge." Nilipomwambia kaka yangu ni fundi milango, alifurahi kuliko mimi. "Mwandikie," akasema. "Mwandikie hata leo."

Basi nifundishe, kaka. Mlango wa kweli ukoje?

Mdogo wako,
Chiriku

27 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba. Barua yako tumeisoma mbele ya mama mara mbili, na mara zote mbili amesema unadanganya, huli. Miguu inamsumbua lakini ulimi mzima. Wifi yako anakusalimu. Watoto wanauliza kama shangazi yao amefungwa jela, maana wanamjua mtu mmoja tu anayenyang'anywa simu getini, na huyo ni mjomba wao wa upande wa mama yao.

Kwa hiyo sasa unalipwa kutoboa kuta hewani! Mimi natoboa za tofali, navuta vumbi, na mgongo unalia.

Cha kwanza kujua ni mlango unafunguka upande gani. Watu wote huangalia ubao, rangi, kitasa. Fundi anaangalia bawaba. Bawaba ndizo zinazoamua mtu akiingia ataona nini kwanza. Ngoja nikupe mfano wa nyumba ninayofanyia kazi sasa. Ni ya mama mmoja mwenye cheo kikubwa, na nimekatazwa kumtaja, kwa hiyo simtaji. Anabadilisha milango yote.

Mlango wa nyuma unafungukia nje, mbao ngumu, bawaba tatu. Ukiingia unakutana na ujia mwembamba, watu wawili hawapishani bila kuombana radhi. Chumba chake ni mlango wa pili kushoto. Huo unasukumwa ndani, bawaba ziko kulia, kwa hiyo ukisukuma unaona kabati kwanza, kitanda kinabaki nyuma ya ubao. Nilipendekeza mimi hivyo. Mtu akikufungulia ghafla asikukute umelala mdomo wazi. Dirisha la jikoni liko chini mno, mtu mzima anavuka bila kuinua goti sana, na nondo bado hazijaja.

Vipimo nimeandika nyuma ya karatasi. Na haya nimekwambia wewe, siyo redio.

Kaka yako

9 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, barua yako yenyewe ilinifikia jana. Nafikiri ilinyeshewa njiani, bahasha ilikuwa imegandishwa upya. Nimefurahi mama ulimi ni mzima. Mwambie nimenenepa. Wifi nimwone lini? Mafua yamekwisha.

Vipimo vyako vimenipandisha chati. Bwana Taratibu alikuja mwenyewe mezani kwangu, akasoma karatasi yako huku akitabasamu, akaniambia, "Kaka yako ana jicho." Nyumba niliyokuwa natengeneza, nimeitoboa kwa vipimo hivyo hivyo, ikakaa sawa kama iliyokuwa ikivisubiri. Kuta nilizoletewa zilikuwa na ujia mwembamba vilevile, ndiyo maana.

Sasa nikwambie jambo. Wamekuja wachezaji wa kujaribu. Mimi nimewazoea wachezaji wa kujaribu, ni vijana wa makelele, wanakula huku wanacheza, wanatukana. Hawa hawaongei. Wanaume wazima, wanavaa miwani ya kompyuta inayoziba macho, wanaingia ukumbi mkubwa ambao sakafuni wamebandika utepe wa rangi kufuata kuta nilizochora. Wanatembea humo kama vipofu. Mmoja akigonga bega, wote wanarudi mwanzo. Hakuna anayecheka.

Nilimuuliza Bwana Taratibu gemu linaitwaje. Akasema, "Bado halina jina." Nikamuuliza ndani ya nyumba kuna adui gani, nimwekee nafasi. Akasema niweke kitanda tu.

Anauliza maswali mengine. Ule mlango wa pili ukisukumwa unalia? Ndani una komeo au kitasa peke yake? Na nondo za dirisha zimekuja? Nisaidie, kaka. Akifurahi, kazi yangu inakuwa nyepesi.

Chiriku wako

2 Mei

Chiriku,

Marahaba. Usiogope ninayoandika, limeshapita. Mama alilazwa. Presha ilipanda, akaanguka bafuni, tukakimbizana naye. Sasa yuko nyumbani, anagombana na wifi yako kuhusu chumvi, kwa hiyo amepona. Alikuwa anakuita wewe. Sikukuandikia mapema kwa sababu ungefanya nini huko uliko? Hata ruhusa sijui kama mnapewa. Hilo nalo hujaniambia.

Bosi wako mwambie aende akanunue vitabu. Mimi nina kazi. Na sikuipenda ile habari ya wanaume wasiocheka.

Haya, nakujibu wewe, simjibu yeye. Mlango haulii, bawaba zangu hazilii. Komeo liko ndani, nimelifunga wiki iliyopita. Dirisha la jikoni tumeliziba kwa tofali kabisa, nondo hazina haja tena. Huyu mama ana hofu, Chiriku. Ni jaji, haya nimeshasema, ana kesi nzito mkononi na kuna watu hawataki aimalize. Juzi alinikuta napima ukuta, akasimama nyuma yangu na kikombe chake.

"Fundi, nyumba hii ina milango mingapi?"

Nikamtajia.

"Ni mingi," akasema. "Nikiwa mdogo nilikuwa naogopa kufungiwa. Siku hizi naogopa kufunguliwa."

Nikaendelea kupima.

Usiniulize tena juu ya nyumba hii.

Kaka yako

20 Mei

Kaka,

Shikamoo. Hii siyo barua ya ofisini. Nguo zetu za kazi zinachukuliwa na gari kwenda kufuliwa mjini, kwa mama mmoja dobi. Nimeiweka kwenye mfuko wa shati pamoja na kikaratasi cha kumwomba aiposti. Kama inakufikia, Mungu amjalie. Ukinijibu mambo ya kweli, tumia anwani yake, nimeiandika chini. Atairudisha ndani ya nguo zilizopigwa pasi.

Pole kwa mama. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi mezani.

Kaka, nyumba ninayotengeneza ni ile unayoifanyia kazi wewe.

Barua yako ya Mei nilipewa tarehe kumi na tano. Tarehe kumi na mbili, kabla sijaisoma, nililetewa orodha ya mabadiliko: dirisha la jikoni lizibwe kwa tofali, mlango wa pili uwekwe komeo kwa ndani. Nilipofungua bahasha yako nikakuta maneno hayo hayo. Haikunyeshewa mvua ile bahasha. Wanafungua, wanasoma, wanagandisha, halafu ndipo wananipa.

Nimekaa nikajiuliza waliipata wapi nyumba ile mwanzoni. Labda ramani ya zamani. Lakini kuta tu hazitoshi, kaka. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuwaambia kila mlango unafunguka upande gani, wakakupata wewe, kisha wakaja kunichukua mimi. Sikuitwa hapa kwa sababu ya kazi yangu. Niliitwa kwa sababu nina kaka.

Jana wale wanaume wamefanya zoezi lote bila kugonga popote. Kutoka mlango wa nyuma hadi kitandani. Mwisho wake wanainama juu ya kile kitanda nilichoweka, wote kwa pamoja, na wanabaki wameinama muda mrefu. Mmoja hubeba kamba.

Mwambie mama jaji. Halafu niandikie kupitia ofisini kama kawaida, na uongo ndani yake. Sema amehamia chumba kingine. Chagua wewe ni kipi, nyumba unaijua. Mimi nitakitoboa watakavyotaka, nao watakisoma kwa miguu mpaka wakikariri.

Usije kunitafuta. Ukija, watajua.

Mdogo wako

4 Juni

Chiriku mdogo wangu,

Marahaba, u hali gani? Sisi hatujambo. Mama sasa anatembea mpaka kwa jirani kusema watu na kurudi. Mtoto wa pili kang'oka jino, analihifadhi kwenye kopo, hataki mtu aliguse.

Najua nilisema usiniulize, lakini ukimya wako umeniuma, nikaona nilikuwa mkali bure. Mwambie bosi wako ana bahati kuwa na wewe.

Kule kazini tumehamisha mambo tena, mama yule hachoki kubadilisha! Ameacha chumba cha mlango wa pili, anasema joto. Sasa analala chumba cha mwisho kulia, ujia unapoishia. Mlango wake unasukumwa ndani, mwepesi, ubao wa kawaida, komeo sijaweka bado. Kitanda kiko ukuta wa mbali, mkabala na mlango. Walinzi wa mchana amewapunguza, wanamkera na redio yao. Saa ya chakula cha mchana huwa anajipumzisha peke yake.

Vipimo viko nyuma. Nimevipima mara mbili.

Kula vizuri.

Kaka yako

11 Julai

(Kwa mkono wa mama dobi)

Mdogo wangu,

Natumaini uko hai. Sina salamu nyingine. Wa nyumbani wote wazima, wanaulizia, nawajibu unafanya kazi.

Wamekuja. Mchana kweupe, na gari lenye ngazi juu, mavazi ya mafundi umeme. Mama jaji hakuwemo nyumbani kwa wiki kadhaa, alihamishwa siku ile ile niliyomsomea barua yako. Sikukwambia alivyoipokea. Aliniomba nirudie sehemu ya kitanda, kisha akaingia ndani akajifungia. Nilipokuwa nakusanya vifaa vyangu nikijua kazi imekwisha, akatoka na kusema, "Fundi, nitengenezee hicho chumba cha mwisho."

Nikakitengeneza. Kutoka ujiani unaona ubao mwepesi. Nyuma yake kuna mlango wa chuma unaoteleza kutoka ukutani. Dirisha halina. Walinzi walijificha chumba cha kufulia, na mimi pamoja nao, ingawa walinikataza.

Chiriku, walipita ujiani kama watu waliozaliwa mle. Hawakupapasa. Hawakugeuza kichwa. Niliwasikia wakihesabu hatua kwa kunong'ona, na nikajua ni hatua ulizowapa wewe, nilizokupa mimi. Wakasukuma ubao, wakaingia wote, chuma kikateleza. Hawakupiga kelele hata hapo. Walinyamaza tu nyuma ya mlango, na ukimya ule ndio unaoninyima usingizi.

Bwana wako Taratibu hakuwa miongoni mwao.

Sasa askari wanakaa kwa mama dobi wakisubiri gari la nguo walifuate hadi uliko. Lilikuwa linakuja kila Jumanne. Tangu siku ile halijaja. Hata barua hii sijui itakufikaje. Naiandika kwa sababu siwezi kukaa bila kuandika.

Kaka yako

30 Julai

Kaka,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Natumaini nyumbani ni wazima.

Bwana Taratibu yuko hapa karibu yangu, anakusalimu. Amesema gemu la kwanza limeharibika kwa sababu ya vipimo vibaya, lakini hana kinyongo. Tunaanza nyumba nyingine. Ndogo tu. Ameichagua nyumba yetu, ya mama. Nimemwambia tangu ulipoongeza vyumba sijaiona, kwa hiyo siwezi kuichora bila wewe.

Anaomba umwandikie milango inafunguka upande gani. Chumba cha mama kiko wapi. Watoto wanalala upande upi. Dirisha lao lina nondo au halina.

Anasema usichelewe, na safari hii upime vizuri.

Mdogo wako

6 Agosti

Kwa unayefungua bahasha hii,

Dada yangu sitamsalimu hapa, kwa sababu najua hasomi yeye kwanza.

Umeuliza nyumba ya mama yetu. Mlango wa mbele ni mmoja, unafungukia ndani, kitasa kibovu, nimekuwa nikiahidi kukitengeneza tangu watoto hawajazaliwa. Chumba cha mama ni cha kwanza kulia. Dirisha la watoto halina nondo. Hayo yote ni kweli, njoo upime mwenyewe. Hutamkuta mtu. Mama hayupo, watoto hawapo, mke wangu hayupo, na mahali walipo sijaambiwa hata mimi, niliomba nisiambiwe.

Nina neno moja la kuongeza. Barua hii imekaa siku kadhaa kwenye sanduku lenu ikisubiri mkono wa kuichukua. Tulitaka kuuona mkono huo. Kama umefika mstari huu, basi aliyekuletea alifuatwa kutoka posta, na watu waliomfuata wako nje sasa hivi.

Mguse dada yangu, halafu usikie mlango.

Fundi

25 Agosti

Kaka yangu,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama popote mlipomficha. Nakuandikia kwa sababu sauti haitoki bado, daktari anasema ni mshtuko, itarudi. Sikupigwa. Mwambie mama hilo kabla hajauliza nilikuwa nakula nini.

Askari walivunja geti wakati Bwana Taratibu anasoma. Alifika mwisho wa barua yako, akaikunja, akaiweka mfukoni, akanitazama kwa upole wake ule ule. Akasema, "Kaka yako ana jicho." Halafu akatoka kwa mlango ambao mimi sikuwahi kujua ni mlango, ulikuwa nyuma ya kabati la faili. Hawajampata.

Kuna jambo sikukuandikia hata kwa mama dobi, kwa sababu nilisaini karatasi ya kutunza siri, na baadaye kwa sababu niliogopa. Sikuwa peke yangu mle. Tulikuwa meza kadhaa, kila mtu na nyumba yake, na tulikatazwa kuangaliana vioo vya kompyuta. Aliyekaa jirani yangu alikuwa msichana mkimya, baba yake ni fundi vioo, alikuwa akimwandikia kila wiki. Yeye na wengine walihamishwa siku moja kabla ya askari kufika, pamoja na kompyuta zote. Mimi waliniacha kwa ajili ya nyumba ya mama.

Leo afisa anayenihoji ameniomba nikumbuke. Kioo cha kompyuta ya yule msichana nilikuwa nakiona kwa pembeni kila nilipoinuka kunywa maji. Nikachukua kalamu nikachora kile ambacho jicho lilishika: jengo refu, ngazi pana zinazopinda kushoto, ujia wenye milango ya vioo nusu, na mwisho wake chumba cha kona chenye madirisha mawili marefu, moja limewekwa kioo kipya kisichofanana na jirani yake. Katikati ya chumba aliweka meza na viti viwili.

Nikampa karatasi. Akaifuata kwa kidole kutoka ngazini hadi kwenye meza. Kisha akanyanyua macho, akaangalia nyuma yangu, na mimi nikageuka kuona anaangalia nini.

Tulikuwa tumekaa kwenye meza ile, kaka. Madirisha yalikuwa mawili, marefu. Moja lilikuwa na kioo kipya.

Afisa akainuka taratibu, akazima taa, akaniambia nihame kwenye kiti na nikae chini sakafuni, mgongo ukutani. Hapo ndipo ninapokuandikia, kwa mwanga unaoingia dirishani. Amekwenda kuuliza nani aliweka kioo kile, na hajarudi.

Mdogo wako